Paa lifungwe kabla ya Novemba

Mhariri,

Kila Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotangaza kimbunga, watu huulizana kitapita wapi, kitafika saa ngapi, au kitafifia baharini kama Jobo mwaka 2021. Maswali hayo ni ya lazima. Lakini tangazo hutoka siku chache tu kabla, na kwa siku hizo hakuna fundi awezaye kufumua paa na kulifunga upya. Sisi mafundi wa kupaua wa mwambao wa kusini tunaomba nafasi tueleze kazi ya kufanya sasa, mbao zikiwa kavu na jua lipo.

Bado wapo wanaosema vimbunga ni vya Madagaska na Msumbiji. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Unguja iliangushiwa mikarafuu yake mwaka 1872, na Pemba ndipo ikashika zao hilo. Kenneth, Aprili 2019, na Chido, Desemba 2024, vyote vilitua Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji lililo ng'ambo tu ya mto Ruvuma. Hidaya kiliingia karibu na Mafia tarehe 4 Mei 2024, wakati wengi wanahesabu msimu unaoanza Novemba umekwisha, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika Somanga.

Upepo ukizidisha kasi mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Ukienda kilomita 120 kwa saa, kila mita ya mraba hupata nguvu ya takriban kilo 70, na kwenye pembe na kingo za paa mvuto wa kwenda juu hupita hapo. Bati la mita 3 la geji 30 halifiki kilo 10, nalo linavutwa kwa zaidi ya kilo 150. Uzito wake hausaidii kitu. Kinachoshikilia ni mafungo: bati kwenye papi (mbao za kulaza zinazopigiliwa bati), papi kwenye kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), kenchi kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya ukuta), na lenta kwenye ukuta wenye msingi. Likilegea moja, yote yanaondoka.

Penye ubovu mkubwa ni pale kenchi inapokutana na ukuta. Nyumba nyingi zina ubao uliolazwa tu juu ya tofali la mwisho, kisha kenchi ikagongwa juu yake kwa misumari miwili ya inchi 4. Msumari ulioingia wima huchomoka kwa njia ileile ulioingilia. Kwa nyumba mpya, nondo ya milimita 8 izamishwe ndani ya lenta kabla zege halijamwagwa, itokeze juu, kisha ikunjwe kuizunguka kenchi, kila kenchi na nondo yake. Kwa nyumba iliyokwisha kuezekwa, toboa ukuta chini kidogo ya lenta, pitisha waya nene wa mabati, uzungushe mara mbili juu ya kenchi, kisha uukaze kwa kuusokota kwa msumari mkubwa mpaka usicheze. Ukifungia juu ya lenta umefunga hewa. Nyumba ya miti na udongo haifungiki ukutani kabisa. Funga kwenye nguzo zilizochimbiwa ardhini.

Papi nazo zifungwe kwa waya kila zinapokatana na kenchi, msumari mmoja hautoshi. Katikati ya paa ziachane sentimita 90, lakini karibu na upenu na karibu na kofia ya kileleni ziwe 60, kwa sababu huko ndiko bati huanza kufunguka. Msumari wa bati upigwe juu ya mgongo wa wimbi, usipigwe bondeni maji yanapopita. Kingoni piga kila wimbi, katikati ruka moja moja. Upenu usizidi futi moja na nusu, na paa la baraza liwe mbali na paa kubwa, ili likienda liende peke yake.

Kuna desturi ya kupandisha mawe juu ya bati dhoruba ikikaribia. Tunasihi iachwe. Bati likiinuka, jiwe hilo huangukia mtu. Heri kamba au wavu wa zamani upite juu ya paa na ufungwe kwenye vigingi virefu pande zote mbili. Madirisha na milango ya upande unaopigwa yafungwe kwa komeo na ubao, maana upepo ukiingia ndani hulisukuma paa kutoka chini huku mwingine ukilivuta kutoka juu.

Huku kwetu kimbunga huzunguka kama akrabu za saa. Kikitoka mashariki kuja pwani, walio kusini ya jicho lake, yaani kitovu chake kilichotulia, hupata upepo wa kutoka baharini, pamoja na bahari yenyewe kupanda nchi kavu. Upepo ukikoma ghafla msitoke kukusanya mabati. Jicho likishapita, upepo hurudi kutoka upande wa pili, na nyumba iliyolegezwa upande mmoja huangushwa hapo.

Baada ya dhoruba, kata kingo za bati zilizochanika na ulisogeze bati ili misumari mipya ipate matundu mapya. Minazi iliyoanguka huwashawishi watu kupasua papi. Tumia mbao za pembeni mwa gogo tu, zile ngumu na nyeusi. Za kati ni laini na hazishiki msumari. Masalia yachomwe au yapasuliwe yakauke, kwani gogo la mnazi likioza huzalisha chonga, mbawakawa mwenye pembe, na chonga hushambulia minazi iliyonusurika.

Kisima kilichoingiwa na maji ya bahari kisikaushwe kwa pampu mara kwa mara, kwani huvuta chumvi zaidi kutoka chini na kuta huweza kuporomoka. Kiteke taratibu. Maji ya kunywa yachujwe kwa kitambaa, kisha yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini ya asilimia 5 isiyo na manukato: matone 2 kwa lita, yaani nusu kijiko cha chai kwa ndoo ya lita 20, na yakae nusu saa.

Ombi letu kwa halmashauri na wote wanaoleta misaada: familia ikipewa mabati, ipewe na misumari isiyopungua 20 kwa kila bati, pamoja na roli la waya. Na mkaguzi anapokwenda kuangalia jengo lenye kibali, apande ngazi akatazame kenchi kabla bati halijaifunika.

Wenu,
Mafundi wa kupaua, Kilwa