Barua ya wazi kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii: usiku kwenye makao ya watoto nani anawalinda wadogo?

Mheshimiwa Kamishna, shikamoo.

Mimi nimelelewa makao ya watoto miaka 9, hapahapa Tanzania. Jina la makao silitaji maana nimeongea na wenzangu waliokulia kwingine na wengi wanasimulia yaleyale.

Mchana kulikuwa kuzuri. Wageni wanakuja na mchele na sabuni, tunaimba, tunapiga picha, afu wakishaondoka mkubwa wa bweni anapita kitanda kwa kitanda anakusanya, biskuti, soksi, kalamu, chochote. Kuna mgeni alinipa viatu vipya vya shule, nikalala navyo miguuni, kamba nimezipiga mafundo mawilimawili, asubuhi naamka miguu mitupu. Mama mlezi akaniuliza nikasema vimepotea. Ningesemaje wakati yule kaka ndo aliyepewa funguo za bweni na mama huyohuyo?

Na hapo ndo penyewe Mheshimiwa. Mlezi mmoja ana watoto thelathini, usiku kachoka, anamwambia kijana wa kidato cha pili waangalie wenzako, na kijana mwenyewe alipigwa sana alivyokuwa mdogo kwahiyo anajua njia hiyohiyo tu ya kumnyamazisha mtoto. Kikojozi anabebeshwa godoro anazungushwa uwanja huku wenzake wanalazimishwa kumzomea. Tulikuwa na mdogo wetu wa miaka 6, ikifika saa kumi jioni hagusi maji tena, hata joto liweje, lips zimekauka mpaka zinapasuka, anaogopa asije akakojoa.

Maafisa walikuwa wanakuja kukagua, wanaangalia vyoo, stoo, mafaili, halafu tunapangwa mstari mbele ya meneja tunaulizwa mnaishi vizuri? Ndiyooo. Mkubwa wa bweni kasimama nyuma yetu.

Sheria ya Mtoto ya 2009 kifungu cha 13 inakataza mtoto kuteswa na kudhalilishwa, na haiwezekani ikawa inamhusu mtu mzima tu akifanya. Namba 116 ya simu ya kuripoti ukatili kwa watoto ni bure kweli, lakini sisi simu ilikuwa ofisini na ofisi inafungwa jioni, vipigo vinaanza usiku.

Naomba afisa akija akae na watoto peke yao, wadogo mbali na wakubwa, meneja asiwepo. Naomba kila bweni liwe na mtu mzima aliye macho usiku, mtoto asipewe funguo za watoto wenzake. Simu ya kupiga 116 iwe mahali mtoto anafika bila kuomba ruhusa.

Na hao wakubwa msiwafukuze tu. Yule kaka alikuja kufukuzwa, nilimkuta stendi anabeba mizigo, akanikumbuka, akaniomba msamaha wa viatu. Nikamuuliza kwani na wewe ulifanyiwa nini pale, akanyamaza, akabeba begi la abiria akaondoka. Hakuna aliyewahi kumuuliza kabla yangu, na hilo nalo nalileta kwako.

Naomba kuwasilisha.