Mdogo wangu, jina la mlezi liandikwe

Mdogo wangu,

Usiku ule uliponipigia simu ukiwa safarini ukaniambia, "Dada, likitokea la kutokea, watoto ni wako," niliitikia bila kufikiri, na tangu hapo sijatulia. Sheria ya Urithi ya Kenya inautambua wosia wa mdomo, lakini sharti usemwe mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na hauna nguvu iwapo aliyeusema ataishi zaidi ya miezi 3. Wewe uliniambia mimi peke yangu, na mwaka umeshapita.

Najua utasema kuwa kuandika wosia ni kujichuria, na kwamba wosia ni wa wenye mashamba. Lakini una watoto wawili ambao hawajafika hata darasa la kwanza, na hao ndio ninaowawazia.

Unalikumbuka tanga la yule rafiki yangu wa chuo, aliyefariki pamoja na mumewe katika ajali moja. Baada ya mazishi wazee walikaa chini ya mwembe mpaka jua likatua, kila upande ukiwataka watoto, wala sikuona mwenye nia mbaya pale. Kila mmoja aliamini kwa dhati kwamba yeye ndiye ambaye marehemu wangemchagua. Muda wote huo mtoto mkubwa, wa miaka 6, alikuwa ameketi kizingitini na viatu vya mdogo wake mapajani, akingoja kuambiwa amvishe au avirudishe ndani. Hatimaye waligawanywa, mmoja akaenda Kitale na mwingine Voi.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inampa mzazi haki ya kumteua mlezi kwa wosia au kwa hati. Mmoja wenu akitangulia, aliyebaki hapokonywi uzazi wake. Ila mkiondoka nyote wawili, wazee watakuwa na karatasi ya kusoma badala ya kukisia. Wosia uwe wa maandishi, utie saini mbele ya mashahidi wasiopungua wawili, nao watie zao mbele yako. Usimchukue shahidi ambaye umemwachia kitu, kwa maana alichoachiwa kinaweza kubatilika. Anayewalea watoto si lazima awe ndiye anayeshika mali yao, na mara nyingi ni heri wawe watu wawili. Itazame pia fomu ya chama chako cha akiba na mikopo, kwa sababu uliijaza kabla hujaoa na jina lililomo, la atakayepokea akiba yako ukifariki, bado ni la mama.

Kaa na wifi mzungumze, kisha mumuulize huyo mtu kabla hamjamwandika, kwani kulea watoto wa mwenzio hakukubaliwi kwa heshima tu. Ikiwa jina mtakaloliandika si langu, sitanuna. Niambieni tu ni nani, nijue nitakayempigia simu kwanza.

Dada yako