Somoe, theluji ya tarehe 25 usimwahidi mtoto

Mikindani, Mtwara
7 Desemba

Shoga yangu Somoe,

Voisi yako nimeisikia nikiwa barazani kwa mama yako, joto huku jamani we acha tu, usiku tunalala madirisha wazi, alafu wewe unaniuliza kama Krismasi hii theluji itaanguka hapo Leeds, Uingereza, maana Idrisa kashaambiwa na wenzie shuleni na kila asubuhi anakimbilia dirishani. Nimeingiwa na huruma, yule mtoto namjua, ukimwahidi kitu hasahau.

Mimi jografia ndo nayofundisha na tangu mlivyoondoka nimekuwa nafuatilia hali ya hewa ya huko kama vile na mimi naishi huko. Usimwahidi tarehe 25. Hao Met Office, yaani mamlaka ya hali ya hewa ya Uingereza, wanaita Krismasi nyeupe hata ikionekana chembe moja tu inadondoka ndani ya masaa 24 ya siku ile, kwaiyo ukisikia watu wanasema mwaka fulani Krismasi ilikuwa nyeupe usidhani watoto walicheza, inawezekana ilidondoka kidogo ikayeyuka. Theluji ya kulala chini sehemu kubwa ya nchi, tangu 1960 wanahesabu Krismasi nne tu, 1981, 1995, 2009 na 2010. Nne, Somoe! Hiyo ya 2010 ndo ilikuwa yenyewe, nchi karibu nzima ilikuwa nyeupe.

Sababu ni upepo na bahari, kama huku kwetu tu. Upepo wa huko mara nyingi unatoka magharibi unapita juu ya Atlantiki, na ile bahari mwezi wa kumi na mbili bado ina joto lake, kwaiyo unawaletea mvua na ukungu basi. Theluji inataka upepo ugeuke utoke kaskazini au mashariki, na hewa ishuke chini ya nyuzi 2 hivi. Ikizidi kidogo tu inakuwa mvua. Unakumbuka Kimbunga Kenneth Aprili 2019, tulivyofungasha vitu na kumbeba bibi usiku, alafu kikapita kusini yetu kikawapiga wenzetu wa Cabo Delgado, Msumbiji? Mbingu ikipinda kidogo, huyu anapona yule anaumia. Mimi tangu siku ile mtu akinitabiria hali ya hewa ya wiki tatu mbele simsikilizi, siku nne tano za mwisho hapo sawa, ndo uanze kuangalia utabiri.

Alafu mwambie Idrisa Januari na Februari ndo miezi yenyewe, theluji inaanguka siku nyingi kuliko Desemba, kwaiyo hata Krismasi ikipita kavu asikate tamaa. Na kama ile hela ya likizo ipo, usiende London kutafuta theluji, pale mjini joto la majumba na lami linaiyeyusha, bora mpande basi mwende juu kwenye vilima vya Pennines hapo karibu na nyie, ukipanda juu baridi inazidi, si unajua Newala na Mtwara mjini palivyo tofauti. Uskoti milimani ndo uhakika zaidi ila nauli sijui kama utaiweza mwaya.

Huku wakulima wanaomba kinyume chako, mvua isiwahi, korosho bado ziko juani kwa watu na zikilowa daraja linashuka, mnadani wanapigwa bei. Mjomba kila wingu likitokea anasimama uwanjani na turubai mkononi.

Mama yako yeye ana hofu nyingine kabisa. Anadhani theluji inaanguka vipande vipande kama zile barafu za ubuyu anazowauzia watoto, anauliza si itampasua Idrisa kichwa. Nimemweleza ni nyepesi, imejaa hewa ndani, inatua kwenye nguo kama sufi ya msufi wa pale msikitini, akanyamaza kidogo akasema basi na mimi ningependa kuiona kabla sijafa.

Kwaiyo ikianguka, iwe Krismasi iwe Februari, iwe saa nane ya usiku, nipigie video kol. Nitaenda kumwamsha.

Shoga yako,
Fatu