Pumba hizi naziandika wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie picha mliyoichapa hivi karibuni, ya wanachuo wa biashara wa kanda yetu wakikabidhi sabuni na ndoo kwenye zahanati. Maelezo chini yake yalisema wamehitimisha somo la uwajibikaji kwa jamii. Sabuni ni kitu chema, na wauguzi bila shaka walishukuru. Kilichonikwaza ni hilo neno "wamehitimisha".

Mimi ni mama mfanyabiashara wa mazao. Nina stoo ya viazi hapa Uyole, Mbeya, na mashine ya kukoboa mpunga kule Igurusi. Kila mwaka napokea wanafunzi wawili watatu wa mafunzo kwa vitendo, fildi kama wenyewe wanavyoita: wa uhasibu, wa ununuzi na ugavi, wa masoko. Ni vijana wa adabu, na kompyuta wanaijua kunizidi mbali. Muulize mmoja wao uwajibikaji kwa jamii ni nini, atakuchorea piramidi ya Archie Carroll ya mwaka 1991: chini kabisa faida, juu yake sheria, halafu maadili, kileleni hisani. Atamtaja na mchumi Milton Friedman, aliyeandika mwaka 1970 kwamba wajibu wa biashara ni kuongeza faida, kisha atampinga kwa hoja zilizomo kwenye noti. Basi. Mshike mkono umpeleke kwenye mzani, piramidi inabaki darasani.

Nieleze la mzani, maana ndilo ninalolijua. Viazi vinavyoshuka kutoka milima ya Umalila vinakuja kwenye magunia yaliyovimba, mdomoni yameongezewa kipande na kushonwa kwa kamba. Lumbesa. Hakuna msomaji wa nyanda hizi asiyeijua. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ipo. Gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo hawachoki kukumbusha. Hata hivyo mkulima hulipwa kwa gunia, mnunuzi huuza kwa kilo. Miaka kadhaa nyuma kijana mmoja wa fildi alinifungia hesabu za msimu, akaiandika ile tofauti ya uzito kuwa faida iliyotokana na "ununuzi wenye ufanisi". Sikumsahihisha. Mwalimu wake alipokuja kumkagua aliisoma ripoti, akaisifu, tukanywa chai. Watu watatu tuliosoma, mmoja wetu hadi shahada ya uzamili, tulizitazama kilo za mkulima wa Umalila zikigeuka ufanisi na hakuna aliyekohoa. (Siku hizi napima. Wala sijawa malaika: nilipoanza kupima, wakulima walianza kuniletea mimi kwanza, na hiyo nayo ni biashara.)

Sasa irudieni ile piramidi. Lumbesa iko ghorofa ya pili, ya sheria. Sabuni ya zahanati iko kileleni. Tunawafundisha vijana kuparamia kilele na kupigwa picha huko juu, wakati chini mlango wa ghorofa ya pili hatujaufungua. Mnunuzi anayepunja msimu mzima akatoa madawati 20 mwezi Desemba, kwa hesabu ya darasani amewajibika.

Igurusi ni kisa kingine, na kwangu ndicho kizito. Mpunga wa bonde la Usangu, iliko Igurusi, unakunywa maji ya mito inayoshuka milimani. Yanayosalia yanapita ardhioevu ya Ihefu na kuwa mto Ruaha Mkuu. Zamani mto huo ulitiririka mwaka mzima. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko wakibanana kwenye madimbwi. Huko chini maji hayohayo ndiyo yanayoingia bwawa la Mtera, kwenye mitambo ya umeme ya megawati 80, na Kidatu, megawati 204, kisha yanakwenda Rufiji. Mashine yangu inatumia umeme. Yaani maji yaliyozuiwa kule juu ili mpunga uive ndiyo yanayotakiwa kule chini ili mpunga huohuo ukobolewe. Wakati wa mgawo wa umeme wa mwaka 2006 uani kulijaa magunia, mashine kimya, na sisi tuliokaa kivulini tukilaumu mvua tu. Hakuna aliyetaja mifereji yetu inayovuja, wala mashamba yanayojazwa maji mpunga ukiwa umeshavunwa.

Katika hesabu zote nilizoandikiwa na wanafunzi, sijaona mstari wa maji. Mbegu ipo, mbolea ipo, dizeli ya trekta ipo, kibarua yupo. Maji ni kama hewa. Lakini Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ina ofisi yake Iringa mjini, mji wenye vyuo vikuu zaidi ya kimoja. Ni nauli ya bajaji tu. Darasa zima lingeweza kwenda kusoma kibali cha kutumia maji kinavyoandikwa, kiasi gani kinaruhusiwa, na nani yuko mto chini akisubiri. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Nimeshaona michanganuo ya biashara ya bustani, iliyopata alama za juu, ambayo bustani yenyewe imo ndani ya hizo mita 60.

Sidai kozi mpya. Kozi mpya italetewa mwalimu wa muda, itafundishwa Ijumaa jioni, na itaishia kwenye ndoo na sabuni. Mwaka 2007 Umoja wa Mataifa ulizindua kanuni za elimu ya uongozi wenye uwajibikaji, na shabaha ya kanuni zile ni kuingiza jambo hili ndani ya mitaala na ndani ya namna ya kufundisha. Kwa lugha ya Uyole: gunia la kilo 130 liwekwe kwenye mtihani wa ukaguzi wa hesabu. Mpunga unaonunuliwa ukiwa bado mbichi shambani kwa mkulima mwenye shida ya ada, ule ambao kwa kahawa wenzetu wa Kagera wanauita butura, uwekwe kwenye somo la fedha, na mwanafunzi apige riba yake halisi kwa mwezi. Atashtuka. Na kwa kuwa Sheria ya Madini, ilivyorekebishwa mwaka 2017, inawataka wenye leseni waandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri, basi wahitimu wetu watakaoajiriwa kwenye migodi ya dhahabu ya Chunya wawe wameshawahi kuukagua mpango wa namna hiyo, angalau wa mfano.

Mwaka juzi alikuja binti mmoja wa uhasibu. Siku ya tatu akaniuliza, "Mama, pumba hizi naziandika wapi?" Nyuma ya mashine kulikuwa na kichuguu cha pumba tulichokuwa tukikichoma, moshi ukielekea shule ya msingi. Nikamwambia aandike popote. Akampigia mwalimu wake, akajibiwa kuwa ni taka, hazina thamani, haziandikwi. Hakuridhika. Alikwenda kwa wafyatua matofali akauliza wanalipa kiasi gani kwa kuni, akarudi na ukurasa mmoja wenye safu mbili: ya pumba, imejaa tarakimu, ya moshi, ina alama ya kuuliza.

Pumba siku hizi zinachukuliwa na wafyatua matofali, na moto nyuma ya mashine umezimika. Moshi umehamia kwenye matanuri yao, hilo sikulimaliza. Binti alipata alama za wastani kwa sababu ripoti yake, niliambiwa, ilitoka nje ya mada.

Ukurasa ule bado ninao, umebanwa ndani ya daftari la mauzo. Mwalimu yeyote anayetaka kuuona aje Uyole. Asubuhi ni nzuri, kabla malori hayajaanza kushusha.

Mama wa stoo ya viazi,
Uyole, Mbeya