Kaka anasema mama sikumlilia

Anti shikamoo. Hapa ni saa tisa usiku na usingizi umegoma, naomba tu nitoe dukuduku. Kaka yangu kaandika kwenye grupu la familia, mbele ya baba wadogo na mashangazi wote, eti mama hukumlilia ila bibi wa kizungu aliyekufa 1886 unamlilia. Mbele ya watu wote anti.

Huyo bibi ni Emily Dickinson, mshairi wa hapahapa Massachusetts, Marekani, ninaposoma. Mi nilikuja kusoma unesi, somo la mashairi nilichukua la kujazia tu. Mama alipofariki karatasi zangu zilikuwa hazijakaa sawa, ningetoka nisingerudi, ikabidi nimzike kwa WhatsApp, binamu kashika simu, naona migongo ya watu na udongo mara inakata. Kweli sikulia. Nilikuwa mkavu, nikaenda na kazini. Alafu darasani tukasoma shairi lake linalosema baada ya maumivu makubwa mtu anakuwa rasmi, mishipa imekaa kimya kama makaburi, moyo haujui ni jana au karne zilizopita. Hapo nikalia kwikwi mpaka profesa akasimamisha kipindi. Yani nilikuwa namlilia mama! Nikamhadithia kaka kwa nia njema, kaenda kuligeuza hivyo.

Na huyo dada wa watu, baba yake alipofariki 1874 mazishi yalifanyika hapohapo nyumbani, yeye akabaki chumbani juu, mlango kauacha wazi kidogo. Nani atasema hakumlilia baba yake? Kaacha mashairi karibu 1,800, akiwa hai yalichapwa kama kumi tu, na mistari kaikatakata kwa vistari kama mtu anayeongea huku kwikwi imembana.

Unesi naogopa kuuacha, najua mashairi hayalishi. Ila fomu ya kuhamia fasihi nimeshachukua, mwisho Ijumaa. Baraka za kaka sizihitaji, mi mtu mzima, ila ada ndo yeye, na yeye ndo alilala na mama hospitali mpaka mwisho, labda ana uchungu wake sijui. Lakini kusema mama sikumlilia, na hakuna hata shangazi mmoja aliyemkanya?

Nimjibu humohumo kwenye grupu au nimpigie? Na habari ya kuhama kozi nimwambie kwanza au nijaze fomu kimyakimya? Nijibu kabla ya Ijumaa anti, nakuomba.