Sponji safi lakini kavu: jinsi pikipiki ya vumbi inavyouawa na chujio la hewa

Ikiingia karakanani pikipiki inayotoa moshi wa bluu na kunywa oili, kabla hatujagusa injini tunafungua boksi la hewa. Mara nyingi sponji tunayoikuta humo wala si chafu. Imefuliwa kwa sabuni ikatakata, ikaanikwa ikakauka, ikarudishwa hivyo hivyo. Mwenyewe anashangaa: "Fundi, hiyo mbona nimeiosha juzi tu?" Kuiosha ameiosha kweli. Alichosahau ni kuipaka mafuta.

Tunazungumzia pikipiki ndefu za njia mbovu: Honda XL, Yamaha DT, Yamaha AG za mabwana shamba, na hizi za motokrosi zinazokuja mtumba. Nyingi zinatumia chujio la sponji, na sponji yenyewe ina matundu makubwa mno kuzuia vumbi laini. Kinachokamata vumbi ni mafuta yanayonata ndani ya matundu hayo. Hewa inapita ikikata kona huku na huku, chembe za vumbi zinashindwa kukata kona, zinajigonga ukutani na kunasa. Ukiyatoa mafuta, umebaki na wavu tu.

Na vumbi la kwetu si la mchezo. Anayetoka Handeni au Kilindi kiangazi anafika hapa Tanga mjini nyusi zimekuwa nyekundu. Njia za mashamba ya mkonge upande wa Muheza, ukifuata trekta, huoni mbele. Pongwe na Maweni kuna unga wa chokaa. Vumbi hilo lina mchanga, na punje ya mchanga ni ngumu kuliko chuma cha bloku. Ikishaingia kwenye silinda na kukutana na oili inageuka msasa: pistoni inapanda na kushuka, nao unasaga. Ukifungua bloku unaiona michirizi imesimama wima, na kucha ikipita juu yake inakwama. Ringi hazibani tena, kompresheni inashuka, oili inapanda juu na kuungua. Huo ndio moshi wa bluu, na hapo hakuna kuosha chochote. Ni kuchonga bloku na kununua pistoni na ringi.

Moshi mweusi ni habari nyingine. Huo mara nyingi unatokana na sponji iliyojaa uchafu, au iliyolowekwa mafuta kupita kiasi, hewa ikakosa njia. Pikipiki ya kabureta hapo inakula petroli, plagi inakuwa nyeusi, mlima inaukataa. Inaudhi, lakini injini bado ni nzima. Tukilazimishwa kuchagua, afadhali mteja wa moshi mweusi.

Namna tunavyoosha ni hivi. Kwanza tunafuta boksi kwa nje ili uchafu usidondokee ndani, kisha tunatoa sponji na kuziba mdomo wa mpira unaokwenda kwenye kabureta kwa kitambaa safi. Sponji tunaitoa kwenye fremu yake na kuitia kwenye beseni la mafuta ya taa, maana mafuta ya zamani hayatoki kwa sabuni peke yake. Petroli hatutumii. Inalegeza gundi ya maungio, sponji inaanza kuachia, na karakana yenye beseni la petroli inasubiri cheche tu. Tunaminya bila kukamua kwa kusokota kama nguo, kwa sababu sponji ikisokotwa inachanika kwenye mshono. Baada ya hapo maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, halafu tunasuuza maji yakitokea ndani kwenda nje, ili uchafu urudi ulikotoka. Kompresa hatuielekezi kwenye sponji.

Kukausha ndiko kunakowashinda wengi. Tanga ina unyevu wa bahari, na wakati wa masika sponji inaweza kuonekana kavu kwa juu huku katikati bado ina maji. Mafuta hayashiki penye maji. Kwa hiyo inakaa kivulini, penye upepo, ikibidi hadi kesho yake. Jua kali linaikausha upesi lakini linaichakaza.

Kupaka mafuta sasa. Zamani ungetia sponji kwenye mfuko wa plastiki, ukamimina mafuta na kuminyaminya kwa nje, mikono ikabaki safi. Tangu mifuko ile ipigwe marufuku Juni 2019 tunavaa glovu na kutumia ndoo ndogo. Mafuta bora ni yale maalumu ya chujio la sponji, mazito na yenye kunata. Mengi yana rangi, unaona yalipofika na yasipofika. Rangi iwe sawa kote, kisha minya ya ziada yatoke. Yasidondoke, wala pasibaki doa jeupe. Iache ikae mpaka inate vidoleni ndipo uifunge.

Oili ya injini? Inasaidia kukufikisha nyumbani. Ni nyepesi, inateremka chini ya sponji na sehemu ya juu inabaki kavu. Ukikosa kabisa mafuta maalumu, gia oili nzito ina nafuu. Vitabu vya baadhi ya Honda za zamani vyenyewe vilielekeza hivyo.

Wakati wa kufunga, paka grisi kidogo kwenye ukingo wa sponji unaokaa kwenye boksi. Sponji nzuri iliyokaa upande ni kazi bure, vumbi linapita pembeni. Ukitaka kujua kama limekwishapita, futa ndani ya ule mpira kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na vumbi unalolisikia likikwaruza vidoleni, leta pikipiki leo.

Wenye bodaboda, angalieni kwanza mna chujio gani. La karatasi haliwekwi maji wala mafuta, likichafuka linabadilishwa. Mengine yanatoka kiwandani yakiwa na mafuta yake. Hayo hata kupuliza hayatakiwi.

Kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu zimehesabiwa kwa njia nzuri. Anayeshinda kwenye vumbi aangalie sponji kila wiki, na wa motokrosi kila akitoka kukimbiza.

Hapa Ngamiani tunaosha, tunakausha na kupaka ukitusubiria hadi kesho. Mwenye haraka anunue sponji ya pili: moja iwe kwenye pikipiki, nyingine tunamwandalia. Unaweza pia kuleta sponji peke yake kwa daladala, ila huko nyumbani ziba ule mdomo wa mpira na ufunguo wa pikipiki utembee nao mfukoni, asije kijana akaiwasha kwenda dukani.