Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wazazi wa watoto wenye selimundu

Wazazi wenzangu, habari za majukumu. Taarifa hii ilikuwa niisome kwenye mkutano mkuu ila mkutano wenyewe mnajua ulivyokuwa, tulifika watu 14 kati ya wanachama 73, akidi haikutimia, tukanywa soda tukarudi nyumbani. Kwa hiyo naiandika, kila mtu aisome kwa muda wake na asije kusema hakuambiwa.

Shughuli za kawaida sitawachosha nazo. Wodini tulienda mara 3, uchangiaji damu mara 2, vyandarua tuligawa 40, tarehe 19 Juni, siku ya selimundu duniani, tulitembea na fulana zetu nyekundu kama kila mwaka, misiba ya watoto ilikuwa 3 na Mwenyezi Mungu awapumzishe. Pesa: ada 612,000, wahisani 350,000, jumla 962,000, matumizi 905,000, baki 57,000. Risiti zote ziko kwa mweka hazina. Kama wote 73 tungelipa ile elfu mbili ya mwezi tungekuwa na 1,752,000 kwa ada peke yake, yani hata nusu hatukufika, halafu wanaouliza pesa zimeenda wapi wengi ni wale ambao hawajatoa tangu mwaka juzi. Hilo nitalirudia mbele.

Sasa niende kwenye jambo ambalo nimesemwa sana mwaka huu, la watafiti. Imesemwa nimeuza damu za watoto. Imesemwa nimelipwa. Mzazi mmoja alinipigia simu saa tano usiku akalia kabisa akisema mwanawe anafanywa panya wa majaribio, na wanachama wawili wametoka kwenye chama kwa sababu hiyo. Nalijibu kwa urefu maana limeniuma.

Ilivyokuwa ni hivi. Mwezi wa tatu lilikuja timu la watafiti wanaotaka kufuatilia malaria na bakteria kwenye damu za watoto wetu, wakaomba waongee na wazazi. Nilitaka kamati ikae kwanza, nikaitisha kikao, wakaja wawili, nikaitisha tena, wakaja watatu. Watafiti wana tarehe zao, nikaona nikisubiri tutapitwa, nikakubali waje na nikasaini barua ya mwaliko kama mwenyekiti. Kilichotumika ni 285,000 za ukumbi, nauli za wazazi wa mbali na chakula cha watoto, ila nauli yangu ya kufuatilia kibali chao cha NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, nikakiona kwa macho, nilitoa mfukoni, sijadai mpaka leo. Nilichosaini ni wao kuja kuongea, basi. Damu ya mtoto hatoi mwenyekiti, anaridhia mzazi wake kwa fomu aliyosomewa kwa Kiswahili. Waliojaza ni 19, waliokataa 11, na hao 11 watoto wao wanaendelea na kliniki kama kawaida, nimewauliza mmoja mmoja.

Kwa nini nilikubali. Hebu tuanzie kwenye haidroksi, yani haidroksiyurea, dawa ya kumeza ya selimundu, ambayo kila kikao mnaniuliza inapatikana wapi na kwa bei gani. Marekani waliipitisha kwa watu wazima wa selimundu mwaka 1998. Huku kwetu madaktari waliiogopa miaka mingi na walikuwa na sababu, ile dawa inaweza kushusha chembe nyeupe za damu, na chembe nyeupe ndo askari wa mwili, sasa mtoto anayekaa kwenye mbu ukimpunguzia askari si unamuua? Hakuna aliyekuwa na jibu, maana watoto karibu wote waliojaribiwa hiyo dawa walikuwa wa nchi zisizo na malaria. Jibu lilipatikana pale wazazi wa Kilifi Kenya, Mbale Uganda, Kinshasa Kongo na Luanda Angola walipokubali. Watoto 606, umri mwaka mmoja mpaka 10, walimeza haidroksi wakafuatiliwa, majibu yakatoka 2019. Malaria haikuongezeka, ilipungua kwa nusu, maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, kuongezewa damu kulishuka mpaka kama theluthi ya mwanzo, na vifo vikapungua. Wale wazazi ni watu kama sisi, wana hofu kama yetu, na mtoto wangu anameza dawa ile leo kwa sababu wao walikubali. Ningemwambiaje mtafiti aondoke bila hata kumsikiliza?

Na Pen-V hivyo hivyo, ile penisilini ya kumeza ya asubuhi na jioni ambayo wengine mnaacha kumpa mtoto akionekana mzima. Bandama la mtoto wa selimundu huharibika mapema sana, na bandama ndo linalochuja vijidudu kwenye damu, kwa hiyo homa ya kawaida inaweza kumchukua ndani ya siku moja. Mwaka 1986 Marekani walitoa majibu ya watoto 215, wengine walipewa penisilini wengine kidonge kisicho na dawa, maambukizi ya vijidudu vya nimonia kwenye damu yakapungua kwa asilimia 84, ikabidi jaribio lisimamishwe miezi 8 kabla ya muda maana ilikuwa si haki kuendelea kuwanyima wengine. Naomba msiache Pen-V. Naomba sana.

Kuna lililosemwa pia kwamba malaria inatuhusu nini, sisi ugonjwa wetu ni wa kurithi. Inatuhusu kuliko watu wote. Kuna daktari anaitwa Anthony Allison, alikulia Kenya, mwaka 1949 akazunguka akipima damu za watu, akaona pwani na kandokando ya Ziwa Victoria wenye urithi wa chembe za mundu, huu wa selimundu, ni wengi sana, milimani kwenye baridi karibu hakuna. Mwaka 1954 akaandika kwamba mwenye AS, yani aliyerithi upande mmoja tu, ana kinga dhidi ya malaria kali. Ndo maana urithi huu umejaa huku ziwani na haujaisha, wazee wetu walipona malaria kwa hiyo AS. Ila mtoto aliyerithi pande zote mbili, SS, kwake malaria ikimpata ni hatari zaidi. Kwa hiyo anayesema hii ni laana ya ukoo fulani au wamerogwa, hapana, ni mbu.

Na hapa niseme langu. Mtoto wetu alipogundulika, kwetu walisema ugonjwa umetoka kwa mke wangu, na mimi nilikaa kimya. Miezi mingi. Nilipokwenda kupima nikakutwa AS kama yeye, kila mimba yetu ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa SS. Ule ukimya wangu najutia mpaka leo, na ndo sababu nawapigia kelele akina baba. Kwenye vikao vyote vya mwaka akina baba hatukuwahi kuzidi wanne. Mama anabeba mtoto mgongoni, anapanda daladala mbili, anakaa kliniki mpaka saa tisa, halafu na kikao aje yeye. Baba kapime. Usipopima unamwachia mwenzio lawama ambayo ni ya nyinyi wawili.

Kwa hiyo ule uamuzi nausimamia. Ninachokubali ni kwamba barua ningeiweka kwanza wote muione kabla sijasaini, hilo limenifundisha, lakini nitakubalije kuambiwa nilifanya peke yangu na nyinyi nimewaita mara mbili hamkuja?

Turudi kwenye ada. Wanachama 29 hawajalipa hata mwezi mmoja. Najua maisha magumu, aliyekwama aniambie kwa siri tutaelewana, simfukuzi mtu mwenye mgonjwa. Ila kuna wanaokuja kudai rambirambi na nauli ya rufaa na daftari lao jeupe, mweka hazina anatukanwa, yule mama anajitolea bure jamani.

Mwaka unaokuja tunatarajia, Mungu akijalia, kupata mfadhili wa haidroksi walau kwa watoto wadogo, kuongea na wahusika wa bima, na kuona kama kuna uwezekano wa watoto wachanga kupimwa kabla hawajatoka wodini. Walioulizia upandikizaji wa uloto, yani uboho wa mifupa, kule Dodoma, nafuatilia utaratibu na nikipata jibu nitawaambia. Na watafiti wakirudi na majibu nimewaomba ahadi wayasome kwetu kwanza kwa Kiswahili.

Mkutano mkuu tunaurudia Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao saa nne asubuhi palepale. Uchaguzi upo, anayetaka uenyekiti achukue fomu. Ada apewe mweka hazina, msinitumie mimi.

Mwenyekiti